Maswali na Majibu: Boksi la Eakilina na Wanaotaka Kuling'oa

Tangu joto la kaskazi lianze, maswali mengi yanayonifikia yanahusu jambo moja. Wenye Mark X, Altezza na Subaru wanataka kulitoa boksi la eakilina, yaani kasha la filta ya hewa, lililokuja na gari na kufunga filta ya wazi pamoja na bomba jipya la hewa. Nimeyachagua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali (Kiembe Samaki): Nina Mark X ya lita 2.5. Nataka kuondoa boksi zima na kuweka filta ya uyoga, ile ya wazi yenye umbo la uyoga. Nichukue ya kampuni gani ili gari iongeze nguvu?

Jibu: Kampuni ni swali la tatu. La kwanza ni hewa hiyo itavutwa kutoka wapi, na la pili ni itapimwa vipi. Katika magari mengi ya aina hii, boksi la kiwandani lina mdomo unaofika mbele, karibu na sho (wavu wa mbele ya gari), ili injini ivute hewa ya nje kabla haijapita kwenye rejeta. Ukiling'oa na kuiacha filta ya uyoga peke yake chini ya boneti, injini itavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na rejeta na ekzosi (bomba la moshi). Tuchukulie kwamba nje kuna nyuzijoto 30, nawe umekwama kwenye foleni ya Darajani, na chini ya boneti joto limefika 60: hewa hiyo ni nyepesi kuliko ya nje kwa takriban asilimia 9. Injini haishibi kwa ujazo wa hewa bali kwa uzito wake, kwa kuwa gramu 1 ya petroli huhitaji kiasi cha gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Maana yake ni kwamba umelipa fedha ili injini yako ipate hewa pungufu, na ule mvumo unaousikia unapokanyaga mafuta ni sauti ambayo boksi lilikuwa likiituliza.

Katika injini isiyo na tabo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), njia ya hewa ya kiwandani haibani kwa kiasi ambacho vijana wanaambiwa. Kama moyo wako haujatulia, nunua filta bapa ya kampuni inayoaminika, kama vile HKS au K&N, uiweke ndani ya boksi lile lile. Ukitaka kwenda mbali zaidi, chagua seti yenye boksi lake lililofungwa na mfereji wake wa kuleta hewa ya mbele, wala si filta iliyo uchi. Fedha itakayobaki itie kwenye mipira ya magurudumu na breki, maana barabara ya kwenda Paje inapita vijijini, na watoto wa skuli huivuka kwa miguu.

Swali (Jang'ombe): Je, filta ya wazi inapunguza ulaji wa mafuta?

Jibu: Hapana. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, na naomba lisirudi. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya petroli ya kisasa yakiwa na filta iliyoziba na yakiwa na filta mpya, na ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni wepesi wa gari kuchapuka. Sababu ni kwamba kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, hutoa mafuta kulingana na hewa iliyoingia, ikipungua hewa na mafuta hupungua. Ikiwa filta iliyoziba haikuongeza ulaji, filta ya wazi itaupunguza kwa njia gani?

Swali (Chake Chake): Sheikh, nina Subaru Impreza WRX. Nimefunga bomba la hewa pana kuliko la mwanzo. Taa ya injini ikawaka, fundi akaifuta kwa mashine, baada ya siku mbili imerudi. Fundi ananambia niipuuze kwa sababu gari inakwenda vizuri. Unasemaje?

Jibu: Nasema usiipuuze, na kuanzia leo usilikanyage gari hilo kwa nguvu kwenye milima ya huko kwenu mpaka jambo hili litengenezwe. Mwambie fundi akusomee namba ya hitilafu kabla ya kuifuta tena. Ikiwa ni P0171, ambayo maana yake ni kwamba mafuta ni machache kulinganisha na hewa, basi chanzo chake si kigumu kukielewa.

Sensa ya hewa, ambayo mafundi wetu huiita eaflo, haiioni hewa yote inayopita. Huona ile inayopita kwenye kijiwaya chake cha moto tu, kisha kontroboksi hukisia jumla kwa kuwa imefundishwa tangu kiwandani kwamba bomba lina upana fulani. Ukilitoa bomba la milimita 70 ukaweka la milimita 80, nafasi ya kupita hewa imeongezeka kwa takriban asilimia 31, hata kama kwa macho tofauti inaonekana ndogo. Hewa ile ile sasa hupita taratibu zaidi mbele ya sensa, sensa hutoa taarifa ya hewa kidogo, na kontroboksi humimina mafuta kidogo. Gari linapokwenda polepole, sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi huligundua kosa hilo na kulisahihisha. Lakini unapokanyaga mpaka chini na tabo ikasukuma, kontroboksi haingoji tena masahihisho hayo na hutegemea hesabu ilizofundishwa, na hesabu hizo sasa ni za uongo. Mchanganyiko wenye mafuta machache huwaka kwa joto kali na huweza kulipuka kabla ya wakati wake. Injini za Subaru za aina ya EJ zenye tabo zina udhaifu unaojulikana hapo hapo: kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, kisha injini huanza kula oili na kupoteza kompresheni. Ndiyo maana gari "linakwenda vizuri" mpaka siku moja lisiende tena.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha bomba na boksi la mwanzo, nayo ndiyo ninayokushauri. Ya pili ni kumpata mtu mwenye ujuzi wa kuiandika upya ramani ya mafuta, yaani zile hesabu zilizofundishwa, ndani ya kontroboksi, ambaye anapima mchanganyiko unaotoka kwenye ekzosi wakati injini imebeba mzigo, wala hakisii kwa kusikiliza. Kabla ya yote, kagua ile hosi ndogo inayotoka kwenye injini na kuingia kwenye bomba la hewa baada ya sensa. Wengi wanaofunga mabomba mapya huiacha ikining'inia, na hewa inayoingia hapo haikupimwa na mtu yeyote. Kufuta taa si kutengeneza, na fundi anayekwambia uipuuze hatakuwapo siku utakaponunua injini nyingine.

Swali (Mwanakwerekwe): Filta nyekundu na ya buluu, ipi ina nguvu?

Jibu: Rangi haifanyi kazi yoyote.

Swali (Fuoni): Nimeuziwa bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa ili livute hewa baridi. Lifungwe au lisifungwe?

Jibu: Hewa ya huko chini ni baridi kweli, na kama ungekuwa unaishi penye ukame ningekuruhusu. Lakini wewe unapita barabarani wakati wa masika, na unajua maji yanavyoweza kujaa. Filta iliyo nyuma ya bampa ikizama, injini huvuta maji badala ya hewa, na maji hayabanwi: pistoni inapanda, inakuta maji yamejaa juu yake, na konrodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda. Nimeiona Altezza iliyopatwa na hayo; mwenyewe alilia mbele yetu, kwani lilikuwa gari la kumpelekea mama yake hospitali. Usilifunge. Na yeyote ambaye gari lake limezimika majini asijaribu kuliwasha tena, bali lisukumwe mpaka pakavu, zitolewe plagi zote, na injini izungushwe maji yatoke.

Swali (Wete): Filta ya pamba inayooshwa niioshe kila baada ya muda gani, na oili ya injini inafaa kuipaka?

Jibu: Ioshe inapochafuka, kwa dawa yake mwenyewe, uianike kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha uipake mafuta yake kidogo sana. Oili ya injini haifai, wala petroli haifai kuioshea. Mafuta yakizidi, hunyonywa na kuganda kwenye kile kijiwaya cha eaflo, na utarudi kwangu na swali la taa ya injini. Hapo hapo niwaonye na wenye filta za karatasi, ingawa hawakuuliza: acheni kuzipuliza kwa kompresa kwenye gereji. Upepo wa kompresa hufungua matundu ambayo jicho halioni, na vumbi la barabara za shamba hupita humo kwenda kusaga silinda. Filta ya karatasi ikichakaa hununuliwa nyingine.

Swali (Malindi): Nimepata seti ya bei rahisi yenye jina kubwa. Nitajuaje kama ni bandia?

Jibu: Jina huchapishwa na yeyote. Kagua shingo ya filta inapokutana na bomba, usipite hata mwanga. Uliza kama ufanisi wake umepimwa kwa kipimo cha ISO 5011, ambacho ndicho hupimia filta za hewa za magari. Angalia klampu zake pia, kwani kwa hewa yetu ya chumvi klampu za chuma cha kawaida hupata kutu na kulegea, na zikilegea hewa chafu huingia bila kupita kwenye filta. Baada ya mwezi mmoja, legeza bomba, tia kitambaa cheupe kilicholowa kidogo na ufute ukuta wake wa ndani, upande wa injini. Kitambaa kikitoka na vumbi, ivue seti hiyo siku hiyo hiyo na ulirudishe boksi la zamani, ambalo natumai hujalitupa wala kuliuza.