Ustawi wa jamii hawamwagi zege

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama watu wenye ulemavu wasemewe na wabunge wa viti maalumu au wajisemee wenyewe mitaani. Nilitaka kuandika "wajisemee" na kuendelea na cherehani yangu. Ila linalonikera mimi si nani anasema, ni pale anapoelekezwa aende akishasema.

Mjomba wangu, hapa Ngamiani, anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono. Barabara yetu ilipotiwa lami, mbele ya maduka ukajengwa mtaro wa kufika kiunoni. Kila mwenye duka akatandika mbao mbili mlangoni pake. Mwenye miguu yake anapita. Mjomba alikuwa anabaki barabarani, bajaji zikimpigia honi, anaita mtoto wa dukani amletee sukari.

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, akaenda. Zikazungumzwa taka, ukazungumzwa ulinzi shirikishi, taka tena. Zamu yake inafika, Magharibi imekaribia na watu wanajipangusa vumbi waondoke. Akaomba mtaro ufunikwe mahali pamoja tu, mbele ya duka la unga. Mwenyekiti akajibu kwa adabu zote: "Mzee wangu, tumelipokea. Hilo liende ustawi wa jamii."

"Kwani siku hizi ustawi wanamwaga zege?"

Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti naye akacheka. Lakini mimi nilikaa nyuma ya mwandishi wa muhtasari, nikamwona anaandika: ustawi. Mjomba akamwomba fundi seremala futi, akamshikisha kijana ncha moja, wakapima gurudumu hadi gurudumu, akatangaza: "Sentimita sabini na nane!" Mama muuza uji akadakia kwamba mkokoteni wake nao haupiti. Wa bodaboda wakaingia. Ikawa kelele, na kabla ya mwezi kuisha wenye maduka walichanga saruji na nondo, karavati likamwagwa. Halmashauri haikutoa hata mfuko.

Basi wajisemee? Hapo ndipo kalamu inaposita. Karavati lile lilipatikana kwa kuwa mikokoteni nayo ilikwama. Angekuwa kiziwi, mkutano usio na mkalimani wa lugha ya alama, angemchekesha nani? Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haikutoka kwenye mkutano wa mtaa. Iliwekwa kwenye sheria bungeni mwaka 2018. Ikasitishwa 2023, ikarudi 2024, sawa, lakini ipo. Huko juu walishaelewa kwamba suala hili si la dawati moja: mwaka 2015 Dkt. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri wa kulishughulikia katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo inadai majengo na huduma zifikike. Likishuka mtaani, linarudi ustawi.

Kwa hiyo nasema wasemewe, ingawa nilianza kinyume, na ingawa mjomba amelisikia jibu hili na hajalipenda. Kwa sheria na kwa fedha, wabunge hao wabaki na waongezwe. Kwa mtaro, hapana. Kwa mtaro namtaka mhandisi akae mkutanoni hadi Magharibi, na futi aje nayo mwenyewe.

Msomaji, Tanga