Kidonge kile kile, mbona mwenzangu amepata nafuu?

Maswali mengi yaliyoletwa safari hii kutoka hapa Kigoma na kwa jirani zetu wa Tabora yanahusu amitriptilini, kidonge cha miligramu 25 ambacho wengi huandikiwa kwa ajili ya sonona. Swali la kwanza nimelijibu kwa kirefu makusudi, maana tabia ya kugawana vidonge nyumbani inaniudhi.

Mimi na dada yangu tumeandikiwa amitriptilini, vidonge vitatu kila usiku. Yeye ameanza hata kucheka. Mimi nimeambulia kinywa kikavu na kichwa kizito. Je, nimeuziwa feki? (Msomaji, Mwanga)

Si lazima iwe feki. Dawa hii ikifika kwenye ini haibaki vile ilivyomezwa. Kimeng'enya (protini ya mwili inayobadilisha kemikali) kiitwacho CYP2C19 huinyofoa kipande kidogo, nayo inakuwa nortriptilini. Hiyo nayo inatibu sonona, na zipo nchi inakouzwa peke yake. Baadaye kimeng'enya cha pili, CYP2D6, kinaibadilisha tena ili mwishowe itoke na mkojo. Kwa hiyo wewe na dada yako kila mmoja ana dawa mbili mwilini, na kiasi cha kila moja hutofautiana sana kati ya mtu na mtu hata kama vidonge vyenu ni vitatu vitatu.

Kasi ya vimeng'enya hivyo kwa sehemu kubwa hurithiwa. Mwaka 1969 watafiti wa Sweden waliwapa mapacha nortriptilini. Mapacha wa kufanana walikuwa na viwango vinavyokaribiana kwenye damu, wakati wasiofanana waliachana mbali zaidi. Kuzaliwa tumbo moja na dada yako, basi, hakukupi ini lake.

Mwaka 1971 Marie Åsberg na wenzake, huko huko Sweden, wakaonyesha jambo ambalo hadi leo naona wengi hawalijui. Wagonjwa waliopata nafuu zaidi kwa nortriptilini walikuwa na kiwango cha kati kwenye damu. Waliokuwa na kidogo hawakupata nafuu ya kutosha, na waliokuwa na kingi mno vilevile. Siku hizi kiwango kinacholengwa ni nanogramu 50 hadi 150 kwa mililita. Unaona sasa hatari ya kujiongezea kidonge cha nne kimyakimya: huenda tayari umevuka.

Na sisi Watanzania? Watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm na wa Muhimbili walipima vimeng'enya vyetu, wakachapisha matokeo mwaka 1998 na 1999. Hawakutumia amitriptilini, bali dawa nyingine za kupimia, omeprazoli ikiwa mojawapo. Waligundua kwamba kwa wengi wetu CYP2C19 na CYP2D6 hufanya kazi taratibu kuliko walivyotarajia. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kutochukulia dozi za vitabu vya Ulaya kama msahafu.

Kipimo cha damu cha dawa hii hukipati zahanati, kwa hiyo daktari anategemea maelezo yako. Mweleze kinywa kukauka, choo kigumu, mkojo kusita, kizunguzungu ukisimama. Mwambie pia umetumia dawa kwa muda gani, kwa sababu nafuu ya sonona huhitaji wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, ilhali maudhi huanza siku za mwanzo.

Kama nortriptilini nayo ni dawa, kwa nini tusipewe hiyo moja kwa moja? (Mwanafunzi wa uuguzi, Kigoma)

Wazo hilo lina historia. Amitriptilini na nortriptilini zimo katika kundi la molekuli zenye pete tatu, na dawa ya kwanza ya kundi hilo ni imipramini. Roland Kuhn aliijaribu katika hospitali ya Münsterlingen, kando ya ziwa huko Uswisi. Ilikuwa inatafutiwa kazi ya kutibu skizofrenia, ikashindwa, lakini ikawainua wenye sonona, naye akaandika habari hizo mwaka 1957. (Mwaka 2019 wanahistoria walieleza kwamba wagonjwa wengi wa hospitali hiyo walijaribiwa dawa bila kuelezwa sawasawa. Jambo hilo nalo mlijue mnaposomea kazi hii.)

Muda mfupi baadaye maabara ya Bernard Brodie, Marekani, iliona kwamba imipramini hugeuka mwilini kuwa desipramini. Brodie hakuwa mgeni wa mambo haya: mwaka 1948 yeye na Julius Axelrod walionyesha kwamba dawa ya zamani, asetanilidi, hutuliza maumivu kwa sababu mwili huigeuza kuwa parasetamoli. Basi watu wakatumaini kwamba ukimeza desipramini yenyewe utapona haraka. Majaribio ya uangalifu hayakuthibitisha haraka hiyo. Faida iliyopatikana ni nyingine: desipramini na nortriptilini kwa kawaida hukausha kinywa na kuleta usingizi kidogo kuliko zile zilizozizaa. Kwa wazee hiyo si faida ndogo. Ila amitriptilini ndiyo iliyozoeleka kwenye vituo vyetu.

Nimepimwa nina malaria. Niache amitriptilini nimalize mseto kwanza? (Baba, Gungu)

Usiiache kwa uamuzi wako, na malaria nayo isisubiri. Mwambie anayekupa mseto kwamba unatumia amitriptilini. Lumefantrini iliyo ndani ya mseto huzuia CYP2D6, hivyo dawa ya sonona inaweza kupanda kwenye damu, na zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Daktari ndiye wa kuamua kama apunguze dozi au akupe dawa nyingine ya malaria. Rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa hufanya kinyume, huishusha.

Nina kisukari, sina sonona. Mbona nimepewa dawa hii? (Mama, Ujiji)

Kwa ajili ya miguu inayowaka moto, mama. Hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa kawaida kwa dozi ndogo kuliko ya sonona.

Wanzuki kikombe kimoja tu? (Tabora)

Hapana. Pombe huongeza usingizi wa dawa hii.

Navua dagaa usiku. Wamesema nimeze usiku. Nitalala ziwani? (Mvuvi, Katonga)

Unaweza, na hilo ndilo linalonitisha. Huchukua saa 10 hadi 28 nusu ya amitriptilini kutoka mwilini, kwa hiyo hata kuimeza mapema hakukuokoi. Mweleze daktari ratiba yako. Mara nyingi itafaa umeze asubuhi ukirudi, kabla ya usingizi wako mkuu. Muulize pia kama unaweza kuanza siku za mbalamwezi, mnapokaa nchi kavu, ili uone kwanza inavyokulevya. Siku ya kurudi kazini usikurupuke kusimama mtumbwini, na vidonge usiviache nyumbani kwenye kikapu. Watoto wakivimeza vinaweza kuwasimamisha moyo.