Muulize Fundi: Njia ya vigari imehama nyumba, sasa haifungi

*Shikamoo fundi. Mwezi uliopita tumehama fleti, tumeingia kwenye nyumba yenye chumba cha ziada, hapa hapa Coventry. Wanangu wana njia ya Scalextric, vigari vya kuchezea vya umeme vinavyofuata mfereji, ile mpya yenye plastiki laini na mifereji miwili. Kabla ya kuhama ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Siku ya kuhama mashemeji walikuja kusaidia, wakaibomoa na kuitia kwenye maboksi matatu pamoja na vyombo vya jikoni. Nimeiunga upya kwa kukumbuka tu. Mzunguko unakaribia kufunga, linabaki pengo la unene wa kidole cha mwisho. Nimevuta hadi likafunga. Sasa vigari vinaondoka vizuri pale kwenye kipande cha umeme, lakini vikifika upande wa pili vinazubaa, kimoja kinasimama kabisa. Nimesugua reli zote kwa stilwaya ya sufuria, wapi. Ninunue transfoma kubwa zaidi?*
Baba Watatu, Coventry

Marahaba, Baba Watatu, na hongera kwa nyumba. Transfoma usinunue. Jibu liko ndani ya barua yako, umeliandika kwa mkono wako kisha ukalipita: "nimevuta hadi likafunga." Hapo ndipo umeme wako ulipopotelea.

Tuanze na pengo. Likibaki pengo, kwanza tazama ncha mbili zinazotafutana. Zikiwa zimekengeuka, moja inatazama mlangoni na nyingine dirishani, kosa liko kwenye kona. Hesabu kona za kushoto, toa za kulia, na kama njia haijikati yenyewe kama namba nane, lazima ubaki na mzunguko mmoja kamili. Kona za kawaida za njia yako ni nane kwa duara. Zile pana za duara la tatu na la nne, ukihesabu kutoka la ndani, ni nyembamba zaidi kwa pembe, kumi na sita kwa duara. Ukichanganya hizo mbili bila kujua utahangaika hadi asubuhi.

Lakini wewe umeweza kuvuta likafunga, maana yake ncha zilikuwa zinatazamana. Basi kosa ni la urefu. Na pengo la kidole cha mwisho, kama sentimita moja, mimi nalijua kwa jina.

Kipande kizima kilichonyooka kina milimita 350. Nusu yake 175. Robo yake 87.5. Halafu kuna kijipande kingine, kifupi zaidi, cha milimita 78. Hiki si sehemu ya 350. Kinalingana na umbali wa kati ya mfereji mmoja na mwingine. Ukivitupa juu ya zulia, robo na hiki cha 78 ni mapacha. Tofauti yao ni milimita 9.5. Umeona? Robo moja imekwenda mahali pa kijipande, au kijipande mahali pa robo. Na kama pengo lingekuwa karibu sentimita mbili ningesema umevibadilishana, kila kimoja kimekaa upande wa mwenzake.

Huhitaji rula. Kusanya vijipande vyote unavyodhani ni robo, vipange vinne vinne kando ya kipande kizima. Vinne vya robo vinalingana nacho sawasawa. Safu ikipungua, ndani yake yumo mgeni.

Sasa kwa nini pengo linaua umeme? Kwa sababu ulipovuta, ile sentimita moja haikupotea. Imegawanyika: kila ungio limefunguka unywele. Kwenye njia yako reli ya kipande kimoja ina ncha inayoingia kwenye reli ya mwenzake, na umeme unavuka hapo tu. Ungio likilegea, kila moja linakula kidogo. Karibu na transfoma hujui. Ukishavuka maungio kumi na mawili, kigari kinapata makombo.

Jaribu hivi usiku watoto wamelala, au wasaidie kama hawajalala, watafurahi. Weka kigari kitembee polepole upande ule unaozubaa. Wewe bonyeza maungio kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Ukibonyeza na kigari kikachangamka ghafla, umemshika mwizi. Weka alama ya chaki, endelea na lingine. Usibomoe kwanza. Watu wengi wanabomoa yote, wanasafisha yote, wanaunga upya, na hawajui walikosea wapi.

Kuna wanaokimbilia multimeta, kile kipimo cha umeme. Nayo itakudanganya. Ukigusa reli za upande wa mbali bila kigari, itasoma volti karibu zilezile za transfoma, useme njia ni nzima. Ni sawa na kupima presha ya bomba ambalo koki imefungwa: presha ipo, lakini fungua koki uone maji yanavyotoka. Multimeta haivuti umeme wa kutosha kuonyesha ungio bovu. Mimi natumia balbu ndogo ya gari, ya volti 12 na wati 5, niliyoiunga nyaya mbili. Mtoto mmoja anabana kishikio cha mwendo hadi mwisho, mimi nagusisha nyaya kwenye reli mbili za mfereji mmoja, sekunde chache tu. Karibu na kipande cha umeme inawaka nyeupe. Nasogea, nasogea, mahali fulani inageuka ya njano kama taa ya chemli. Ungio bovu liko kati ya sehemu hizo mbili. Wanangu walikuwa wanaliita "zoezi la daktari".

Ukishalipata, litenganishe, chukua bisibisi bapa ndogo kabisa, ile ya miwani, upanue kidogo ile ncha inayoingia ili ishike. Kidogo. Ukiipinda mara tatu itakatika, na ncha ikikatika kipande hicho umekipeleka kwenye mapambo.

Halafu hii stilwaya. Hapa nikuombe radhi mapema kwa ukali, maana nasema na nafsi yangu. Tulipohama kutoka ghorofa ya tatu kuja nyumba tuliyo nayo Leicester, nilikuta maboksi yalikaa gerejini majira yote ya baridi, reli zimeota kutu ya rangi ya chai. Nikachukua stilwaya, nikasugua kwa bidii kama masufuria ya harusi. Reli zikang'aa! Nikaweka kigari, nikabana kishikio. Kikaenda mita moja, kikatoa cheche, na chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Nilipokigeuza, sumaku ya chini ilikuwa imeota manyoya, vijiwaya vidogo vidogo vya chuma vimesimama wima kama mkia wa paka aliyeona mbwa. Vijiwaya hivyo vinakwama kwenye sumaku, vinagusa reli mbili kwa pamoja, na hiyo ni shoti. Vingine vinaanguka mferejini na kukungojea. Niliviokota kwa sumaku nyingine iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, jioni mbili. Tena reli yako ina ngozi nyembamba ya kuzuia kutu. Stilwaya na msasa vinaichuna, na mwakani kutu inarudi na ndugu zake.

Kwa hiyo kabla ya kingine chochote, funga sumaku kwenye nailoni, pitisha juu ya njia nzima, kisha nje ya mifereji na ndani yake kwa brashi kavu ya rangi. Geuza kila kigari utazame chini. Kisha sugua reli kwa kifutio cha shule, kile kigumu cha kufutia wino, na umalizie kwa kitambaa chenye spiriti. Basi.

Kwenye vigari kuna zile nyuzi za shaba zilizosukwa zinazogusa reli. Zikilala bapa au zikijaa uchafu, hata njia nzuri itaonekana mbovu. Zichambue kwa pini mpaka zifunguke kama ufagio, kisha zikunje ziguse reli bila kukiinua kigari. Zimeisha? Ni rahisi, nunua nyingine.

Na kama baada ya yote haya njia ni ndefu na upande wa mbali bado unalegea, ndipo uongeze nyaya za kupeleka umeme moja kwa moja kule. Zipo zinazouzwa tayari. Anayejua kulehemu anaweza kuunga chini ya kipande, lakini awe mwepesi, plastiki inayeyuka huku unatafuta lehemu. Reli ni nne, nyaya ni nne, na kila moja iende kwenye reli yake ileile. Mimi nilitia alama kwa rangi za kucha za mke wangu, nyekundu, zambarau na ile ya pinki inayometameta. Ya nne niliiacha tupu kwa sababu alinikuta. Angalizo: kama mzunguko wako una kipande kinachopishanisha mifereji, waya ufuate mfereji, usifuate upande. Aliyekuwa ndani sasa yuko nje.

Jambo la mwisho halihusu umeme, ila najua utaniuliza wiki ijayo. Mtoto wa mfereji wa nje atalalamika anaonewa. Ana haki. Mzunguko usiojikata na usio na kipande cha kupishanisha, uwe na umbo la yai au la kiazi, mfereji wa nje unazidi wa ndani kwa karibu milimita 490 kila mara. Umbo halibadilishi kitu. Wapokezane.

*Fundi, mimi ni mstaafu, nimerudi Tanga baada ya miaka mingi Uingereza. Kwenye kontena nilipakia Scalextric ya zamani, ile yenye vipande vyenye mkwaruzo juu. Mpwa wangu amekuja likizo akaniletea vipande vipya dukani, haviungani. Na reli zinashika kutu kila wiki. Je, transfoma ya kule itafaa?*
Mstaafu, Tanga

Pole na karibu nyumbani, mzee wangu. Mpwa hakukosea sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ilibadilisha mtindo wa njia, na ungio la kale na jipya havifahamiani. Kipo kipande cha kuunganisha, upande mmoja wa kale, mwingine mpya. Utahitaji viwili, cha kuingilia na cha kutokea. Mwambie akirudi avibebe, ni vyepesi.

Kutu ya Tanga si kosa lako, ni upepo wa bahari. Paka tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, futa reli, kisha futa tena kwa kitambaa kikavu mpaka uhisi hakuna mafuta. Yakibaki, matairi yatateleza kama yako juu ya ganda la ndizi. Ukimaliza kucheza fungia vipande kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe tena.

Transfoma itafaa, umeme wa nyumbani ni wa aina moja na plagi ni ileile ya meno matatu. Lakini ya zamani, kagua waya wake kwanza. Ukiukunja na ngozi yake ikamomonyoka, usiichomeke hata kwa dakika moja ya kujaribu. Na umeme ukikatika, ing'oe. Ukirudi hurudi na hasira.

Najua utapenda hili: jina lenyewe ni la kuunga, kama njia. Fred Francis, Mwingereza aliyebuni Scalextric, alikuwa na vigari vya chuma vya springi vilivyoitwa Scalex. Mwaka 1957 akavionyesha Harrogate vikiwa vimetiwa umeme, na jina likaongezwa mkia wa "electric", yaani umeme.

*Baada ya kuhama vigari vyetu vinateleza kila kona. Njia ni safi.*
Mama wa Reading

Njia ni safi, matairi je? Yakikaa muda mrefu yanakauka na kuota kioo. Bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi juu ya meza, uso wenye gundi juu, uviringishe matairi ya nyuma mpaka yaache kuokota uchafu. Yakibaki magumu kama kokwa la embe, badilisha.