Kilo zako ziseme kwa simu kabla hujapanda basi

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja kuhusu watu wanene sana na vipimo vya picha, yaani altrasaundi, eksirei, siti skani (eksirei inayokuzunguka ukiwa umelala) na MRI (mashine ya sumaku), basi nayajibu kwa mpigo maana kupiga picha hizo ndo kazi yangu hapa Tanga.

Nina mimba ya miezi mitano, kilo 128. Ripoti ya altrasaundi imeandikwa "picha si nzuri kwa sababu ya unene". Mtoto ana tatizo? – Mama, Makorora

Hapana mama, hapo mtoto hajasemwa vibaya, kilichosemwa ni kwamba hakuonekana vizuri. Altrasaundi ni sauti, inaingia tumboni inagonga inarudi, na mafuta yanaimeza njia nzima kwenda na kurudi, sasa ili ifike mbali tunashusha masafa yake, yaani inakuwa sauti nzito zaidi, inafika kweli ila picha inakuja na chenga, moyo wa mtoto na uti wa mgongo unabaki unakisia tu. Ila ujanja upo. Mie humlaza mama ubavu, au namwomba alinyanyue tumbo kwa mikono yake miwili nipite chini kwenye mkunjo maana pale mafuta ni machache, ikishindikana najaza jeli kwenye shimo la kitovu napitia hapohapo na mara nyingine ndo moyo unajitokeza. Nitakubonyeza sana, unisamehe, na bega langu nalo jioni linaniuma. Muulize daktari wako urudie baada ya wiki moja au mbili, mtoto atakuwa kageuka, na altrasaundi haina mionzi kwa hiyo kurudia usiogope.

Mjomba wangu kapigwa stroku (kiharusi), ana kama kilo 190. Tumekodi gari mpaka Dar, tumefika tunaambiwa mashine haimchukui. Hii ni haki kweli? – Kijana, Pongwe

Poleni sana mdogo wangu. Si haki, na kilichokosekana ni simu moja tu. Siti skani ina vikomo viwili na watu wanavichanganya. Cha kwanza ni kitanda, nyingi zinabeba kilo 200 na kitu, za zamani chini ya hapo, zipo kubwa zinazofika 300, na ukumbuke kitanda kinatoka nje kinaning'inia na mtu mzima juu yake, kikizidiwa kinaweza kuvunjika au mota ikafa, ndo maana fundi hakubali hata umlilie. Cha pili ni tundu la mashine unaloingizwa, upana wake sentimita 70 kwa mashine nyingi, lakini kitanda chenyewe kinakula nafasi humo ndani kwa hiyo tumbo halipati 70 kamili. Kwa kichwa tundu si shida sana, kinachoingia ni kichwa na mabega, shida ni uzito maana huwezi kuacha miguu nje ya kitanda. Sasa stroku haisubiri, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina masaa machache tu na haitolewi mpaka picha ionyeshe kwamba hakuna damu iliyovuja kichwani. Kwa hiyo daktari anayeandika rufaa apige simu kule anakompeleka, aulize "kitanda chenu kinabeba kilo ngapi, tundu lina upana gani", aseme na kilo za mgonjwa. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 300, mkataliwe mlangoni?

Mizani ya kliniki inaishia 150, nesi kaandika "zaidi ya 150". Inatosha? – Dada, Ngamiani

Haitoshi, 155 na 230 ni watu wawili tofauti kabisa kwa kitanda. Chukua mizani mbili zinazofanana, sakafu iwe sawa, kanyaga kila mguu mizani yake, watu wawili wasome kwa pamoja halafu jumlisha. Kuna wanaowapeleka watu kwenye mizani ya magunia ya mahindi sokoni, mie hilo silipendi, mtu anapimwa huku mtaa mzima unacheka, kesho haji tena hospitali.

Eti Ulaya wanene wanapelekwa kupimwa mashine za tembo? 

Nyingi ni stori za vijiweni. Mashine za wanyama kwa kawaida hazina kibali cha kupima watu.

Mtu mnene anapata mionzi zaidi? – Baba, Chumbageni

Kwenye eksirei na siti skani ndiyo, mashine inaongeza nguvu ili ipenye, na kifua kipana kikigoma kuenea kwenye filamu moja tunapiga mbili. Bado faida ni kubwa kuliko hatari kama daktari kaona kipimo kinahitajika, ila uliza kama altrasaundi au MRI inaweza kufaa, hizo hazina mionzi hiyo.

Nina MRI wiki ijayo na naogopa kubanwa. – Shangazi, Raskazone

Shikamoo shangazi. Uliza kama tundu lao ni la 60 au la 70, hizo sentimita kumi utaziona tofauti yake. Ngozi ikigusana na ukuta wa tundu inaweza kuungua, kwa hiyo wakuwekee vitambaa vya sponji pembeni, na mikono usiikunje juu ya tumbo wala mapaja yasigusane. Utapewa kengele ya kubonyeza, ishike. Na kwa kuwa mashine ni sumaku, pini za ushungi zitoe zote hata ile ya nyuma inayosahaulika, pamoja na bangili, hata kama hazijavuka kiganja tangu harusini, waambie wakupe sabuni.