Kikundi, Kosta ya kukodi na makumbusho ya Arusha: jibu kwa dada wa kikoba

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja, mweka hazina wa kikoba hapa Moshi. Wamevunja kikoba, yaani wamegawana akiba zao, hela ya kutembea ipo, ila wenzake wanataka bwawa la kuogelea na nyama choma, yeye anataka makumbusho ya Arusha. Anauliza afanyeje wasimcheke.

Dada yangu, mimi walinicheka. Nilipopendekeza safari hiyo hiyo kwenye kikao cha kikundi chetu, mama mmoja alisimama akasema makumbusho ni ya wanafunzi, mtu mzima hatoi nauli kwenda kuangalia mifupa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Maneno yale bado yananiuma, lakini sikurudi nyuma, na safari ilifanyika. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: usingoje wote wakubali. Wakipatikana wa kujaza Kosta, kusanya michango, funga daftari.

Gari lishughulikie mapema. Mwenye gari akutajie bei moja yenye mafuta, dereva na maegesho ndani yake, na muandikishane. Sisi tulioneshwa Kosta nzuri, alfajiri ikaletwa nyingine kabisa, viti vimelegea na mlango umefungwa kwa kamba. Nikasema hapandi mtu. Mwenye gari alinung'unika sana, lakini ile tuliyokubaliana ikaja. Usiogope kuitwa mkorofi, hela ni ya akina mama. Na kama gari ni daladala lenye njia yake, hakikisha lina kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, cha kutoka nje ya njia, la sivyo asubuhi yenu itaishia pembeni ya barabara mkiongea na trafiki.

Ukitokea Moshi, anzia Tengeru, kwa sababu ipo njiani kabla ya mjini. Usiende Jumamosi, ni siku ya soko na barabara inajaa. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Watu wengi wamepita Tengeru maisha yao yote hawajui. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti walipitia Uajemi hadi Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1942 Tengeru ikawa kambi ya watu karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Kikundi chetu kilikuwa na kelele tangu Boma Ng'ombe, lakini pale mama mmoja alipiga magoti akaanza kufuta vumbi kwa kanga kwenye kaburi, herufi moja moja, mpaka jina likasomeka. Hakuna aliyeweza kulitamka. Wengine wakainama nao wakafuta ya jirani. Dereva akipiga honi kwamba muda umekwisha, mwache apige.

Mjini, Makumbusho ya Historia Asilia yako kwenye ile Boma ya Wajerumani, mwisho wa Barabara ya Boma ukitokea Mnara wa Saa. Ngome ni ya mwaka 1900 hivi, makumbusho yalifunguliwa 1987. Mtaona habari za chimbuko la binadamu, Olduvai na zile nyayo za mababu wa binadamu za Laetoli, za miaka milioni 3.6 iliyopita. Kila mtu awe na kitambulisho cha NIDA, Mtanzania ana kiingilio chake.

Lakini muda mwingi uweke Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge. Ni nyumba ndogo, ukiharakisha unaimaliza haraka sana, na ndiyo maana watu wanaidharau. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa Arusha kulijadili Azimio, tamko la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na tarehe 5 Februari likatangazwa. Tulikuwa na mwalimu mstaafu. Alisimama mbele ya picha za Mwalimu Nyerere, akaweka mkoba chini, akaanza kwa sauti ya darasani: "Binadamu wote ni sawa." Akaendelea na miiko ya uongozi iliyomo kwenye Azimio, kwa kichwa: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wasichana waliokuja na mama zao walidhani anatania. Akawaambia hayo yalikuwa masharti, yameandikwa. Wakaanza kumuuliza maswali, na yule mama wa mifupa ndiye aliyeuliza mengi kuliko wote.

Hapo ndipo ninapokasirika. Tunachanga mamilioni kwa sendoff, tunakodi Kosta tatu kwenda kwenye harusi, halafu mtoto anamaliza kidato cha nne bila kujua Azimio lilipitishwa mji gani. Mzazi, usisubiri shule. Kiongozi wa jumuiya, usisubiri mgeni kutoka Ulaya aje kukuonesha. Beba chakula chenu kwenye hotpoti, punguza vituo, pangeni muda wa kuuliza.

Na ninyi wa Arusha, geuzeni safari mje kwetu. Pandeni Old Moshi, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, mwaka 1900, pamoja na viongozi wenzake. Fuvu lake linaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umelitafuta miaka mingi. Chukueni dereva anayezijua barabara za mlimani, na kama mvua imenyesha usiku, ahirisheni.