Usiuze hiyo sabufa ya inchi 10, sogeza kochi kwanza

Mkuu simama hapo hapo, hiyo sabufa, yaani spika ya besi, usimpe mtu. Umesema uko Kisasa hapa Dodoma, sebule mita 5 kwa 4, kochi liko katikati linatazama tivii, ukikaa besi huisikii ila ukisimama mlangoni inakugonga kifuani, kwa hiyo Jumamosi kuna mtu anakuja kuichukua ili ushuke Kariakoo ubebe inchi 15. Halafu unauliza boksi la kufungwa au lenye tundu, na waya gani, hayo yasubiri kwanza. Yaani nimesoma nikasisimka, hayo ndiyo yaliyonikuta mimi moja kwa moja.

Kwangu ni Nkuhungu, kuta tofali za saruji, chini taili, juu jipsamu. Kochi katikati, besi ipo kama haipo. Nikaenda dukani Dar, muuzaji hakuniuliza chumba kina urefu gani wala nakaa wapi, ananiambia bosi inchi 10 hiyo ni ya geto, wewe una sebule, ongeza inchi. Ananionyesha wati maelfu zimeandikwa kwenye boksi, kumbe PMPO, namba ya kuuzia tu ile, wati za kuangalia ni za RMS, zile inazoweza kutoa mfululizo. Basi ya kwangu nikaiuza bei ya kutupa, nikachota pesa ya mabati ya nyumba ya Nzuguni nikajazia, dude likapanda basi nikalilipia nauli kama mtu mzima. Nafunga, nakaa kochini, nasikiliza... vile vile! Naenda jikoni sufuria zinacheza, koridoni mlango unatetemeka, jirani anagonga geti, mimi mwenye mali ndiyo sisikii. Naongeza sauti, jirani anazidi kuwaka, kochini hakuna kitu. Nampigia yule muuzaji ananiambia ampli yako ndogo, ongeza ampli. Nikaongeza!! Mpaka leo inaniuma, mtu anauza sabufa kila siku halafu hajui kwamba dawa ilikuwa kusogeza kochi, au anajua ila kochi haliuzi yeye.

Iko hivi. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, lina urefu wa mita 10 hivi. Sebule yako ya mita 5 ni nusu yake kamili, linagonga ukuta wa mbele na wa nyuma linarudi linakutana lenyewe kwa lenyewe, kwenye kuta linajaa, katikati linakufa. Upande wa mita 4 ni hivyo hivyo kwenye hezi 43. Na tofali zetu hazimezi besi, zinairudisha karibu yote, ndiyo maana hao wa YouTube wenye nyumba za mbao hawaumii kama sisi. Pale katikati hata ulete inchi 18, utakachoongeza kitaongezeka mlangoni.

Sasa fanya hivi leo leo kabla hujatoa shilingi. Rudisha kochi nyuma nusu mita au zaidi, litoke katikati ila lisibane ukuta, maana ukutani besi inavimba inakuwa uji. Halafu beba sabufa uiweke juu ya kochi pale pale unapokaa, piga wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka, rhumba linafaa sana, wewe piga magoti utambae kando ya kuta sikio likiwa chini, usawa ambao sabufa ingekaa. Kuna sehemu noti moja itavuma nyingine zinapotea, na kuna sehemu zote utazisikia sawa. Hapo ndipo sabufa inakaa, hata kama mama watoto alipanga pawekwe maua, ongea naye vizuri. Na ufunge madirisha na milango kama unavyokaa siku zote, kwa vumbi na upepo wa Dodoma najua umefunga, ukiacha wazi besi inabadilika utajidanganya.

Ikishapata mahali pake ndiyo ushike nobu. Kwenye risiva, ile ampli inayoendesha spika zako, weka krosova (mpaka ambao sauti za chini yake zinapelekwa kwenye sabufa) hezi 80, nobu ya krosova ya kwenye sabufa yenyewe izungushe mpaka mwisho juu zisikate mara mbili. Fezi, swichi ya kwenye sabufa inayogeuza wimbi lake, mtu akugeuzie 0 na 180 wewe ukiwa umekaa kochini, inayokupa besi nyingi acha hiyo.

Ukimaliza yote na bado unaona haitoshi, tafuta inchi 10 ya pili uiweke ukuta wa mkabala, mbili ndogo zinasawazisha chumba kuliko dude moja. Hata hiyo usinunue kabla ya kutambaa.

Huyo wa Jumamosi mpigie sasa hivi umwambie asubiri. Kisha chukua futi, pima kutoka ukuta wa nyuma mpaka kichwa chako ukiwa umekaa, niandikie hapa ni mita ngapi.