Ndege ya modeli ikikusumbua angani, ipime mezani

Ndege ya kwanza niliyoijenga mwenyewe, ya foamu, bawa juu ya bodi, ilinisumbua sana. Nikiongeza nguvu ya mota, pua inapanda hadi ndege inakaribia kusimama wima. Nikipunguza, inachoma chini. Kila safari nilihangaika na trimu za rimoti (vitufe vya kurekebisha kidogo kidogo mwelekeo wa ndege), na kila safari nilirudi nyumbani na kitu kimevunjika.

Mwishowe niliazima pima maji ya fundi ujenzi, nikaiweka ndege mezani. Bawa lilikuwa limeinuka mbele kwa milimita 17 kuliko nyuma. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, hiyo ni karibu digrii 5! Kumbe ni kipande cha foamu nilichokibandika chini ya ukingo wa mbele ili bawa lisicheze.

Sasa naanza na mkia. Weka vipande vya karatasi chini ya bodi mpaka ubao mlalo wa mkia ulale sawa kabisa. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kisha pima kutoka mezani hadi katikati ya unene wa ukingo wa mbele wa bawa, na hadi ukingo wa nyuma, uone tofauti. Kwa upana wa sentimita 20, kila digrii moja ni tofauti ya milimita 3.5. Mimi niliiacha yangu kwenye milimita 7, yaani digrii 2, na kwa ndege ya kujifunzia inatosha. Pima bawa la kulia na la kushoto, karibu na bodi na kwenye ncha, kwa sababu foamu iliyoachwa juani hujipinda bila wewe kuona. Halafu funga uzi mkiani, uvute hadi kila ncha ya bawa: urefu uwe mmoja.

Mota naigusa mwisho. Panga la mota (propela) likizunguka kwa mwelekeo wa saa ukilitazama kutoka nyuma, ndege huvutwa kushoto, ndiyo maana mota huelekezwa kulia kidogo, na chini kidogo pia. Bolti zinazoshika mota yangu zimeachana milimita 30, hivyo washa (kipete bapa cha bolti) ya unene wa nusu milimita ni takribani digrii moja. Washa nyuma ya bolti za juu, mota inatazama chini. Nyuma ya bolti za kushoto, inatazama kulia. Nilianza na digrii 2 chini na digrii 2 kulia.

Hakikisha kwanza uzito umekaa sawa: kwa bawa hili, ndege isawazike ikishikiliwa sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele. Kisha irushe, panda juu vya kutosha, uzime mota. Ikishuka taratibu bila kuyumba, bawa na mkia viko sawa, usiviguse tena. Ongeza nguvu. Pua ikipanda ghafla au ikikimbilia kushoto sasa, tatizo liko kwenye mota. Tua, ongeza washa moja tu, urudi hewani.